MTU WA BENDERA NYEKUNDU
Jinsi Waingereza walivyobishana juu ya magari, sheria na usalama wa njiani

Katika mazungumzo haya tumekusudia kueleza habari za sheria moja ya Uingereza ambayo watu wengi huicheka. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1865, nayo iliamuru kwamba gari lo lote liendalo barabarani kwa nguvu za mvuke litanguliwe na mtu wa miguu, ameshika bendera nyekundu mkononi. Kila mwanafunzi asikiapo habari hiyo huuliza, "Je, ina faida gani gari lenye mashine, ikiwa halina ruhusa ya kumpita mtu anayetembea?"

Swali hilo ni zuri, lakini kucheka si kuelewa. Wale walioitunga sheria ile hawakuwa wajinga. Walikuwa na shauri gumu mbele yao, nalo ni shauri lile lile linalorudi kila kinapozuliwa chombo kipya: Je, chombo hiki kiruhusiwe kwenda wapi, na kwa mwendo gani? Na kikimdhuru mtu, nani atakayejibu? Basi na tulifuate shauri hilo tangu mwanzo wake, tuone kila kundi la watu lilisema nini, sheria ilijibu nini, na ni roho ngapi zilizopotea kabla ya majibu mema kupatikana.

Magari ya mvuke

Tarehe 24 Desemba 1801, katika mji wa Camborne, upande wa magharibi ya Uingereza, fundi mmoja jina lake Richard Trevithick aliwasha moto chini ya tangi la maji, akaliendesha gari lake la mvuke kupanda kilima, na watu kadhaa wamepanda juu yake. Watu walistaajabu sana. Lakini siku chache baadaye gari lile liliharibika njiani. Fundi na wenzake wakalisukuma ndani ya banda, wakaenda kula na kunywa, wakasahau kuuzima moto. Maji yakakauka katika tangi, chuma kikawaka, na gari likateketea pamoja na banda. Hivyo tangu siku zake za kwanza chombo kile kilionyesha nguvu yake na hatari yake pamoja. Na hatari yenyewe haikutoka katika chuma, ilitoka kwa binadamu waliosahau moto.

Ilipopata miaka 30 hivi, magari ya mvuke ya kuchukua abiria yalikuwa yameanza kuonekana katika njia za Uingereza. Mwaka 1831 magari yaliyoundwa na Goldsworthy Gurney yalichukua watu kati ya miji ya Gloucester na Cheltenham kwa muda wa miezi minne. Katika mji wa London, fundi Walter Hancock naye aliendesha magari yake katikati ya watu na farasi.

Hapo maneno yakaanza. Wenye magari ya farasi walisema farasi watashtuka, watatupa abiria shimoni. Walinzi wa barabara walisema magurudumu mazito yatavunja njia. Wenye nyumba kando ya barabara waliogopa matangi yasije yakapasuka. Kila neno lilikuwa na kweli yake ndani. Walakini kila aliyesema alikuwa pia na mfuko wake wa kuulinda. Siku zile barabara kubwa zilikuwa na malango ya ushuru, na wenye malango waliutumia ushuru kuwa silaha. Katika njia moja, iliyotoka Liverpool kwenda Prescot, gari la farasi lilitozwa shilingi 4, na gari la mvuke lilitakiwa litoe pauni 2 na shilingi 8, yaani mara kumi na mbili. Na katika ile njia ya Gloucester watu walirundika mawe barabarani hata ekseli ya gari ikavunjika.

Mwaka huo huo wa 1831 Bunge liliweka kamati ya kuchunguza jambo hilo. Wajumbe waliwahoji mafundi na wenye barabara, wakatoa hukumu yao kwamba magari ya mvuke yaweza kuendeshwa kwa salama, na kwamba ushuru ule mkubwa si haki. Shauri lao lilikuwa jema, lakini halikufanywa kuwa sheria.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1834, lilitokea jambo la kusikitisha katika nchi ya Scotland. Magari ya mvuke ya John Scott Russell yalikuwa yakichukua abiria kati ya Glasgow na Paisley. Walinzi wa barabara hawakuyapenda, wakamwaga mawe mengi njiani ili kuyazuia. Siku moja gurudumu la gari lilivunjika, gari likalalia tangi lake, tangi likapasuka, na watu kadhaa wakafa. Je, ni nani aliyewaua watu wale? Wengine walisema ni fundi, kwa kuwa alileta chombo cha hatari katika njia ya watu wote. Wengine walisema ni walinzi, kwa kuwa walimwaga mawe kusudi. Magari yakaondolewa katika njia ile, lakini swali halikuondoka.

Sheria ya mwaka 1865

Baada ya hayo reli zilienea katika nchi yote, na abiria wakaacha barabara, wakapanda magari ya moshi. Mashine za mvuke zilizobaki barabarani zilikuwa nyingine kabisa: mitambo mizito ya chuma, iliyokokota mashine za kupuria ngano kutoka shamba hata shamba. Mitambo hiyo ilinguruma, ikatoa moshi na cheche za moto, na breki zake zilikuwa dhaifu. Farasi waliokutana nayo walikuwa wakikimbia ovyo.

Sheria ya kwanza ilitungwa mwaka 1861. Iliruhusu mwendo wa maili 10 kwa saa nje ya miji, na maili 5 mjini. Lakini baada ya miaka minne tu Bunge likaona kwamba ruhusa hiyo imezidi, likatunga sheria ya mwaka 1865. Sheria hiyo ilikuwa na masharti matatu makubwa. La kwanza, mwendo usizidi maili 4 kwa saa nje ya miji, na maili 2 mjini. La pili, kila mtambo uwe na watu watatu wa kuuendesha. La tatu, mmoja wao atangulie mbele kwa miguu, si chini ya yadi 60, na bendera nyekundu mkononi, awaonye wapanda farasi na kuwasaidia kupita.

Kwa hiyo mtu wa bendera aliwekwa kwa ajili ya farasi, na kwa ajili ya wale waliopanda farasi. Kwa mtambo wenye uzito wa tani nyingi, usioweza kusimama upesi, sharti lile halikuwa la kipumbavu. Mwaka 1878 sheria ililegezwa: yadi 60 zikawa 20, na bendera yenyewe haikuwa lazima tena kila mahali, ila pale ambapo wenye mamlaka ya wilaya waliitaka. Lakini mtu wa kutangulia mbele alibaki.

Kosa la sheria ile ni kwamba ilipima chombo cha siku zake, ikakifunga pamoja nacho chombo ambacho kilikuwa hakijazaliwa bado. Mwaka 1886 Karl Benz wa Ujerumani aliandikisha hati ya gari lake jepesi la petroli. Mwaka 1888 mkewe, Bertha Benz, aliliendesha gari la namna hiyo pamoja na wanawe wawili kutoka Mannheim hata Pforzheim, safari ipatayo kilometa 100. Huko Ujerumani na Ufaransa mafundi waliendelea kutengeneza na kujaribu. Huko Uingereza gari jepesi kama lile lilihesabiwa mbele ya sheria kuwa sawa na mtambo wa kukokota mashine za ngano.

Tena, sheria ile haikumkinga kila mtu. Tarehe 31 Agosti 1869, katika mji wa Parsonstown nchi ya Ireland, mji ambao leo huitwa Birr, bibi mmoja mwenye elimu, jina lake Mary Ward, alikuwa amepanda gari la mvuke lililoundwa na jamaa zake. Bibi huyo alijulikana kwa vitabu vyake vya kueleza jinsi ya kutazama vitu vidogo kwa hadubini. Gari lilipokata kona alirushwa chini, gurudumu likapita juu yake, akafa. Sheria ya bendera ilimfikiria aliye mbele ya gari. Haikumfikiria aliyeketi juu yake. Ilichukua zaidi ya miaka mia kabla Bunge halijamfikiria huyo kwa sheria, kama tutakavyoona.

Maili nane kwa saa

Mwezi wa Januari 1896 mfanya biashara mmoja wa Kent, jina lake Walter Arnold, ambaye alikuwa akiuza motokaa, alipita katika kijiji cha Paddock Wood kwa mwendo wa maili 8 kwa saa. Hakuwa na mtu wa kumtangulia, wala hakuwa na watu watatu garini. Polisi wa kijiji alipomwona alipanda baiskeli yake, akamfukuza mpaka akamkamata. Arnold alishtakiwa makosa manne, na kwa kosa la mwendo alitozwa faini ya shilingi 1, pamoja na gharama za baraza. Watu walicheka sana, kwa maana polisi wa baiskeli aliweza kulikamata lile gari lililosemwa kuwa lina mbio za hatari.

Kicheko hicho kilisaidia kuigeuza sheria. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria mpya. Magari mepesi, yasiyofikia uzito wa tani 3, yalifunguliwa katika kifungo cha mtu wa mbele, yakapewa ruhusa ya kwenda maili 14 kwa saa. Kisha serikali ikaupunguza mwendo huo ukawa maili 12. Sheria ilianza kazi tarehe 14 Novemba 1896. Siku hiyo wenye motokaa walikusanyika London, bendera nyekundu ikachanwa mbele yao kwa furaha, wakaondoka kwa msafara kwenda Brighton.

Walakini katikati ya siku hizo mbili, yaani siku ya kupitishwa sheria na siku ya kuanza kazi, kulitokea jambo lisilo la furaha. Tarehe 17 Agosti 1896, katika viwanja vya Crystal Palace huko London, motokaa zilikuwa zikionyeshwa kwa watu na kuwachukua kwa matembezi mafupi. Mama mmoja aliyeitwa Bridget Driscoll, mwenye umri wa miaka 44, alikuwa akipita pale pamoja na binti yake. Alipoliona gari linamjia alisimama kwa mshangao, likampiga, akafa. Yeye ndiye mtu wa miguu wa kwanza katika Uingereza kuuawa na motokaa ya petroli.

Mbele ya hakimu wa kuchunguza vifo mashahidi hawakupatana. Dereva alisema mwendo wake ulikuwa maili 4 kwa saa. Shahidi mwingine alisema gari lilikwenda mbio kama farasi mwema. Wale wazee wa baraza wakakata shauri kwamba ni ajali tu. Hakimu akasema anatumaini kwamba jambo kama hilo halitatukia tena. Alisema kwa moyo mwema, lakini tumaini halikuwa sheria, na mwendo wa motokaa haukupunguzwa na tumaini.

Leseni, vumbi na saluti

Mnamo mwaka 1903 ilionekana dhahiri kwamba neno la hakimu yule halikutimia. Motokaa zilikuwa zimeongezeka, nazo zilikuwa mali ya matajiri. Wanakijiji walilalamika kwamba zinawafunika kwa vumbi, zinaua kuku na mbwa wao, kisha zinatoweka, na hakuna ajuaye ni ya nani. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1903 iliamuru kila motokaa iandikishwe na kubandikwa kibao chenye nambari, na kila dereva awe na leseni. Mwendo uliruhusiwa kufika maili 20 kwa saa.

Jambo la nambari lilikuwa la hekima sana, kwa kuwa mara ya kwanza gari lilikuwa na jina, na mwenye kudhuru aliweza kutafutwa. Bali leseni ilikuwa karatasi tu. Ilinunuliwa kwa shilingi 5, bila mtihani wo wote. Kipofu mwenye shilingi 5 angeweza kuipata.

Polisi nao walianza kujificha nyuma ya miti na saa mikononi, wakipima muda wa motokaa kupita kutoka alama moja hata nyingine. Wenye motokaa walikasirika, wakaunda chama chao mwaka 1905, kiitwacho Automobile Association. Watumishi wa chama walizunguka kwa baiskeli, wakawaonya madereva mahali penye mtego. Lakini mwaka 1910 majaji walihukumu kwamba kumwonya dereva anayekwenda mbio ni kumzuia polisi katika kazi yake. Basi chama kikatafuta hila. Kikawaambia wanachama wake: "Mtumishi wetu akikupigia saluti, endelea. Asipokupigia saluti, simama umwulize sababu." Kwa njia hiyo mtumishi alionya kwa kutofanya neno, na hapana sheria iwezayo kumfunga mtu kwa kuwa hakusalimu. Hila hiyo yaonyesha kwamba sheria isiyokubaliwa na mioyo ya watu hukwepwa na watu wenye akili na heshima zao, wala hawaoni aibu.

Miaka bila mpaka wa mwendo

Ilipofika mwaka 1930, ule mpaka wa maili 20 ulivunjwa na kila mtu. Wengi Bungeni walisema kwamba sheria inayovunjwa na wote huwafundisha watu kuzidharau sheria zote. Neno hilo lina nguvu, na kwa ajili yake sheria ya mwaka 1930 iliondoa kabisa mpaka wa mwendo kwa motokaa ndogo na pikipiki. Badala yake iliweka mambo mengine: kila mwenye gari sharti awe na bima ya kuwalipa watu atakaowadhuru, na adhabu ziwepo kwa dereva wa hatari. Mwaka 1931 serikali ilitoa kijitabu cha adabu za barabarani, kiwe mwongozo wa wote.

Bima ile ilikuwa faida kubwa; maana kabla yake mtu maskini aliyevunjwa mguu na dereva maskini hakupata kitu. Lakini adabu peke yake haikutosha. Mwaka 1934 watu 7,343 waliuawa katika barabara za Uingereza, na zaidi ya 200,000 waliumia. Waliokufa wengi walikuwa watu wa miguu, na wapanda baiskeli, na watoto.

Bungeni mabishano yalikuwa makali. Mjumbe mmoja, J. T. C. Moore-Brabazon, ambaye alikuwa dereva hodari na mrushaji wa ndege, aliwatuliza wenzake, akieleza kwamba zamani motokaa ziliua kuku wengi na mbwa wengi, lakini siku hizi mbwa wamejifunza kukwepa. Na kwamba watu nao watazoea, mambo yatajinyosha yenyewe. Hatuna haja ya kumtukana mtu huyo. Alisema yale ambayo madereva wengi waliyafikiri. Ila maneno yake na tuyapime. Mbwa amejifunza, kweli. Lakini wale waliokufa ndio walioilipa ada ya shule hiyo. Na mtoto wa miaka mitano azaliwaye leo hana kumbukumbu ya mbwa wa jana. Kila kizazi huanza darasa lile tangu herufi ya kwanza.

Waziri wa usafiri aliyewekwa mwaka huo, Leslie Hore-Belisha, hakukubali kungoja watu wazoee. Aliweka vivuko vya watu wa miguu, vyenye nguzo za rangi nyeusi na nyeupe, na juu yake tufe la rangi ya machungwa. Mwanzoni vijana watundu waliyavunja matufe kwa mawe, na magazeti yakamfanyia mzaha, lakini nguzo zile zinaitwa kwa jina lake hata leo. Tangu tarehe 18 Machi 1935 mpaka wa maili 30 kwa saa uliwekwa mahali penye nyumba za watu. Tangu tarehe 1 Juni 1935 mtihani ukawa lazima kwa madereva wapya. Mwaka huo vifo vilishuka kuwa kama 6,500. Hazikuwa nambari ndogo, lakini ni mamia ya watu waliorudi nyumbani kwao jioni.

Fundisho la giza

Vita vikuu vilipoanza mwaka 1939 taa zote za njiani nchini Uingereza zilizimwa, na taa za magari zikafunikwa, ili ndege za adui zisione miji. Petroli ilipunguzwa, magari yakawa machache. Mtu angedhani kwamba vifo vya barabarani vingepungua. Havikupungua, vilizidi. Mwaka 1941 watu 9,169 waliuawa barabarani, idadi iliyo kubwa kupita zote katika historia ya nchi ile.

Jambo hilo lafaa kufikiriwa sana na wanafunzi. Magari yalikuwa machache, na watu walikuwa wale wale. Kilichopungua ni kuonana. Kwa hiyo chombo kile cha Percy Shaw, fundi wa Halifax, ambaye mwaka 1934 aliandikisha hati ya vioo vidogo vinavyopandwa katikati ya barabara na kung'aa kama macho ya paka, kilipendwa sana katika miaka ile ya giza. Hakikumwamuru mtu neno lo lote. Kilimwonyesha tu njia ilipo.

Mabishano yaliyofuata

Baada ya vita magari yaliongezeka kupita kiasi. Mwaka 1966 vifo vilikuwa 7,985. Mwaka 1967 waziri Barbara Castle alileta kipimo cha pumzi, ambacho polisi waliweza kumpimia dereva aliyekunywa pombe. Wenye mabaa walilia kwamba biashara itakufa, na wengine walimwandikia barua za matusi, wakisema mwanamke asiye na leseni ya udereva atajuaje habari za magari. Jibu la swali hilo ni jepesi: dereva aliyelewa humwua na mtu asiye na leseni.

Kisha likaja shauri la mikanda ya viti. Miaka mingi wajumbe walibishana. Wengine walisema, "Ikiwa mtu ataka kujihatarisha mwenyewe, sheria ina haki gani ya kumfunga mkanda?" Wengine wakajibu kwamba mtu hafi peke yake, ana mke na watoto, na hospitali inayomtibu ni ya watu wote. Tangu tarehe 31 Januari 1983 mkanda ukawa lazima kwa waketio viti vya mbele. Hapo ndipo sheria ilipomfikia yule aliyeketi juu ya gari, miaka 113 baada ya kufa kwa Mary Ward.

Na matokeo? Tangu mwaka 2010 vifo vya barabarani katika Uingereza vimekuwa chini ya 2,000 kila mwaka, ingawa magari yamepita milioni 30. Hakuna sheria moja iliyofanya kazi hiyo. Zilikuwa nyingi, ndogo ndogo, zikishikana kama nyuzi za kamba.

Habari hizi zatuhusu sisi pia. Waingereza walipotawala Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja walileta desturi ya kupita upande wa kushoto, na desturi ya leseni na vibao vya nambari. Wabelgiji walileta upande wa kulia huko Kongo, Rwanda na Burundi. Ndiyo sababu dereva avukapo daraja la Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda hubadili upande. Na Kenya ilipoanza kutumia, mwezi wa Februari 2004, amri za waziri John Michuki za mikanda na vidhibiti mwendo katika matatu, yalisikika maneno yale yale: wenye magari walisema gharama ni kubwa, na siku za kwanza watu wengi walikwenda kazini kwa miguu. Majina yalikuwa mapya, shauri lilikuwa la kale.

Tujifunze nini

Mtu akileta habari ya chombo kipya, iwe pikipiki, iwe ndege isiyo na rubani, iwe gari lijiendeshalo lenyewe, watu hugawanyika upesi. Wengine husema, "Kipigwe marufuku." Wengine husema, "Kiachwe, watu watazoea." Historia tuliyoisimulia yaonyesha kwamba makundi yote mawili huweza kukosea. Wenye bendera nyekundu walikifunga chombo kwa jina lake, bila kutazama kwamba chombo chenyewe kimebadilika. Wenye kusema "watu watazoea" waliwatwika watu wa miguu gharama ya somo ambalo wao wenyewe hawakulilipia.

Basi asikiaye mabishano ya namna hii na aulize maswali matatu. Kwanza, anayesema ana faida gani? Si kwamba mwenye faida ni mwongo. Mwenye farasi alisema kweli kwamba farasi hushtuka. Lakini neno lake lipimwe pamoja na mfuko wake. Pili, ni nani anayebeba hatari, na je, ndiye aliyeichagua? Dereva huchagua mwendo wake. Mama apitaye kiwanjani na binti yake hakuchagua. Tatu, hesabu yasemaje? Maneno ya Bungeni yalibadilika kila mwaka, bali hesabu ya wafu iliandikwa kila mwaka, nayo ndiyo iliyoonyesha ni sheria ipi iliyofaa na ipi iliyokuwa kelele tu. Nchi isiyohesabu wafu wake wa barabarani hubishana gizani, kama magari ya mwaka 1941.

Na yule mtu wa bendera, twasemaje juu yake? Alikwenda zake mwaka 1896, na hakuna atakaye arudi. Lakini kazi yake ilikuwa kumwambia dereva kwamba mbele yake kuna watu, na kuwaambia watu kwamba nyuma yake kuna gari. Kazi hiyo imegawanywa kwa nguzo za vivuko, vioo vya barabarani, vibao vya mwendo, na mtihani wa leseni. Mahali po pote ambapo vitu hivyo havijafika, pale kijijini ambapo barabara mpya ya lami imepita mbele ya shule na hakuna kivuko wala kibao, wazazi na walimu wana haki ya kwenda mbele ya wenye mamlaka na kuvidai, wala wasingoje hata hakimu atumaini kwamba jambo kama hilo halitatukia tena.